Kifungu cha Nne

Waliniita kwa sababu ya mwandiko.
Mimi mwalimu wa jiometri, bonde la Obisurkh,
na taipureta ya wilaya ilikuwa imeungua
pamoja na wilaya.
Wakasema: Mwalimu Farrukhsho, herufi zako zimenyooka,
njoo utuandikie amani.

Tulikaa darasa la tano, kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigonga mbao.
Upande wa dirisha Kanali Pulodov, buti zikichuruzika theluji;
upande wa ubao Mirzohakim, aliyeshuka mlimani na punda mmoja
na wanaume arobaini waliobaki nje wakipuliza vidole.
Juu ya kichwa chake ramani ya nchi iliyokwisha kufa.
Hakuna aliyekumbuka kuishusha.

Kifungu cha kwanza, bunduki. Arobaini na moja.
Saa mbili nzima tulibishania hiyo moja,
gobore la babu yake la kuwindia mbuzi-mwitu.
Halijamlenga mtu, alisema,
na kanali akacheka, cheko fupi, la puani.
Mwishowe niliandika arobaini.

Cha pili, barabara.
Cha tatu, msamaha. Hicho nilikiandika kwa mkono huu huu,
na kati ya wale wa nje, kupitia kioo chenye ufa,
nilimwona aliyemuua shemeji yangu darajani.
Amevaa glavu zisizolingana, moja nyekundu.
Wino ukadondoka.
Nini? akauliza kanali.
Nikasema, baridi.

Cha nne kilikuwa maneno mawili tu.
Karatasi ya kutoka mji mkuu ilisema: waasi watasalimu amri.
Mirzohakim akasimama, dawati likainuka naye.
“Nitasalimu watu. Wazee nitawasalimu, wajane nitawasalimu,
hata wewe, Kanali, nitakupa mkono.
Amri haina uso. Nitaisalimu vipi?”
“Nikirudi bila neno hilo,” kanali akajibu, “watanivua nyota.”
Na mchana ukakaa hapo hapo, kama gurudumu kwenye tope.

Ndipo akaingia Savrinisso, mfagizi wetu,
na birika la chai na mikate miwili ya duara.
Mmoja ukamponyoka, ukalala mezani kifudifudi.
Kwetu mkate haulazwi hivyo, hata mbele ya adui.
Mikono miwili ikaukimbilia, wa kanali na wa mwasi,
ikagongana, ikarudi kama iliyoungua.
Aliugeuza yeye mwenyewe. Kisha hakutoka.

“Andikeni mtakacho,” alisema.
“Mimi nataka kujua alipo Qudratsho.
Kaka yake nilimzika. Huyu nimebaki na kofia yake.”

Nje punda alitikisa kengele.
Mirzohakim akaivuta ile karatasi ya mji mkuu, akaigeuza mgongo,
akaomba penseli yangu, akachora:
kijito, mwamba uliopasuka, mlozi mkavu,
hatua tisa.
“Nilimfunika mimi. Uso nilimwelekeza kibla.”
Hakusema nani alipiga risasi. Mama hakuuliza.
Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani,
akachukua ufagio wake, akaenda.

Kanali aliutazama mlango muda mrefu.
Tulidhani atamwita.
“Mwalimu,” akasema, “ruka namba.”
Ndiyo maana mkataba wetu una cha tatu, kisha cha tano,
na wageni wakiusoma hudhani sijui kuhesabu.

Majira ya tufaha nilimkuta sokoni yule wa glavu nyekundu,
akichagua vitunguu kimoja kimoja
kama mtu anayeogopa kudhulumu.
Aliweka mkono kifuani. Salamu, mwalimu.
Ulimi wangu ulikuwa mzito, birika lililojaa.
Nikaitikia.

Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa salamu,
au ni mimi, peke yangu katika bonde zima,
niliyesalimu amri.